Beseni Lililokataa Kuhama Chanji

Mpaka leo sijui beseni la mtoto lilishukaje mara mbili kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo. Majirani zangu wa Chanji walikuwa wanahamia Milanzi, nami nilikuwa nawasaidia kupakia. Tukilipandisha beseni, tukirudi na godoro tunalikuta barazani. Mtuhumiwa alikuwa mmoja tu, binti yao wa miaka minne, ambaye hata akiruka hafikii bodi la gari.

"Dada, ni wewe?" mama yake akauliza, kichanga kikiwa mgongoni.

"Mimi siyo dada! Hilo beseni nilikuwa naoga mimi. Huyo aache vitu vyangu, abaki hapa hapa."

"Abaki na nani?"

Akaninyooshea kidole. "Na huyu baba."

Dereva alicheka hadi akaegemea mlango. Mimi sikucheka sana. Nami ni mtoto wa kwanza kwetu, nakumbuka mgongo wa mama ulivyopata mpangaji mwingine.

Bibi wa watoto, aliyekuwa akihama nao, hakugomba. Katika familia yao, kinachotangulia kuingia nyumba mpya ni unga wa ulezi, na hushikishwa mtoto mdogo kuliko wote. Bibi aliutia unga kwenye lile beseni, akasema safari hii mdogo atasubiri.

Tulipofika Milanzi, binti alijitwika beseni, akakigeukia kichanga pale mlangoni. "Wewe kaa nje kwanza."

Akaingia peke yake. Kisha akaanza kutuita ndani mmoja mmoja, hadi dereva. Kichanga alikiita mwisho.