Fundi Cheche na Taa ya Mlango wa Pembeni

Fundi Cheche alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyewahi kuutibu: hakuweza kumwacha mtu amalize sentensi. Ukianza tu, "Fundi, gari langu likishapata moto," yeye keshainua mkono. "Nimekuelewa." Na la kuudhi zaidi ni kwamba mara nyingi alikuwa ameelewa kweli. Miaka ishirini na sita ya kulala chali chini ya dashibodi za watu ilikuwa imemfundisha umeme wa magari kiasi kwamba wenye magari aliwaona kama usumbufu uliokuja na ufunguo. Alifanya kazi kwa masikio. Aliwasha swichi, akafumba macho, akasikiliza "tik" ndogo huko ndani, kisha akatamka ugonjwa. Dada yake, fundi rangi mwenye kibanda upande wa pili wa ua huohuo, alikuwa akisema kaka yake ana masikio makali sana, ila ya kusikia magari tu.

Jumatatu moja asubuhi, mwanamke mmoja, mwalimu wa shule ya jirani, aliingiza uani gari la abiria la viti kumi. Lilikuwa la buluu, linang'aa, kwa sababu Alhamisi iliyopita dada mtu alikuwa amelipaka rangi upya kuanzia juu hadi chini.

"Karibu, shemeji," alisema Cheche. Wateja wote wa kike walikuwa shemeji zake, na mkewe alishachoka kuuliza kwa upande gani.

"Asante, fundi. Ni taa ya ndani. Ukiiwasha kwa mkono inawaka, lakini ukifungua huu mlango wa pembeni, haiwaki. Sasa mume wangu, ambaye ndiye dereva, yeye..."

"Nimekuelewa."

"Ngoja kwanza, fundi. Yeye anaitegemea kwa sababu..."

"Kwa sababu anataka kujua mlango uko wazi. Nimekuelewa, shemeji! Wewe wahi darasani. Mwambie aje saa kumi na moja, atakuta gari lake tayari."

Mwalimu alitazama saa, akakumbuka darasa zima linalomsubiri, akaachia ufunguo. Isitoshe, yote alikuwa amemsimulia dada mtu, akadhani naye alishamweleza kaka yake.

Kumbe hakuelezwa na mtu. Angetulia nusu dakika tu, angesikia kwamba mume wa yule mwalimu ni kiziwi tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kubeba washonaji wa kiwanda cha sare, kuwapeleka alfajiri na kuwarudisha jioni, giza kwa giza. Mlango ukifunguliwa nyuma yake hausikii, na migongo mirefu ya viti inamkinga asiuone. Alichokuwa nacho ni ile taa ya darini, aliyoitazama kupitia kioo kilicho mbele yake. Ikiwaka, kuna mtu anashuka. Ikizimika, mlango umefungwa, twende. Ijumaa iliyopita taa haikuwaka, naye akadhani wote wameshashuka, akaondoa gari wakati mshonaji mmoja ana mguu mmoja chini na mwingine ndani. Mama wa watu aliangukia magoti barabarani na kiatu chake kikaondoka na gari. Hakuumia sana, lakini msimamizi wa kiwanda alisema wazi kwamba ikitokea tena, atatafuta dereva mwingine. Miaka tisa ya kazi ilikuwa imebaki ikining'inia kwenye balbu moja.

Cheche hayo hakuyajua, kwa hiyo aliianza kazi akipiga mluzi. Fyuzi ilikuwa nzima. Balbu nzima. Alibonyeza kile kitufe kilicho kwenye fremu ya mlango, kinachobanwa mlango ukifungwa na kuchomoza ukifunguliwa, akasikiliza. Kimya. Akafumba macho, akasikiliza tena, kimya vilevile. Basi akajiambia waya utakuwa umekatika huko juu darini, na kuufuata ni kubandua dari yote, kazi ya siku mbili.

Hapo ndipo alipopatwa na wazo, na Cheche akipatwa na wazo huwa hashikiki. Taa ya nini? Taa mtu anaweza asiione. Sauti je, utaikwepea wapi? Kwenye kopo lake la vikorokoro alikuwa na kengele ndogo ya umeme, ya gari la mizigo, yenye mlio wa kutoboa. Akaifunga chini ya kiti cha dereva kabisa, akaitengenezea kitufe chake chenyewe mlangoni, akavuta waya mpya na kuuficha kwa ustadi hata ungetafuta kwa tochi usingeuona. Kazi safi. Aliifurahia mpaka akasahau kula mchana.

Saa kumi na moja kamili mwenye gari, mume wa mwalimu, akafika, mrefu, shati limenyooshwa, akatabasamu na kumpa mkono.

"Njoo uone mambo!" Cheche alikuwa keshampa kisogo, anaelekea kwenye gari. "Mimi nimekufanyia zaidi ya ulichoomba. Hata ukiwa umesinzia, hii itakuamsha." Akaushika mlango, akausukuma wazi.

Kengele ililia. Ililia hadi fundi wa matairi aliyekuwa nje ya ua akachungulia, na paka aliyelala juu ya boneti akahama. Watu wote uani waligeuka, isipokuwa mtu mmoja. Mwenye gari alikuwa amesimama palepale, anaitazama taa ya darini ambayo haikuwaka, na tabasamu lake linapungua kidogo kidogo. Akanyoosha kidole, akaionyesha.

"Achana na taa, ndugu yangu! Sikia!" Cheche akafunga mlango na kuufungua tena, mara tatu.

Dada yake alitoka kibandani, barakoa ikiwa shingoni. "Kaka! Unampigia nani kelele hizo? Huyo hasikii."

"Hasikii nini?"

"Hasikii chochote! Anaangalia taa ndiyo ajue watu wanashuka. Ijumaa nusura amburute mtu, na wakimtoa kazini je? Mkewe hakukwambia?"

Cheche akauachia mlango. Alikumbuka mkono wake mwenyewe ulivyoinuka asubuhi, mara mbili, mbele ya uso wa yule mwalimu. Aliona aibu, aibu halisi ya kupasha masikio moto, na hakuwa na utani wa kuifunikia. Alikata waya wa kengele.

Mwenye gari akatazama saa. Saa kumi na mbili washonaji watakuwa getini. Akachuchumaa mlangoni, akaanza kuikagua fremu taratibu, kwa macho ya mtu aliyezoea kuyategemea. Kisha akamgusa Cheche begani na kumwonyesha skrubu inayoshikilia kile kitufe cha zamani. Ilikuwa buluu. Na bati chini yake buluu, bila hata chembe ya chuma inayoonekana.

Cheche akajipiga kofi la paji la uso. Kitufe kile hurudisha umeme kupitia kwenye bodi ya gari. Skrubu ndiyo njia yenyewe, na njia imezibwa kwa rangi!

"Dada, umepaka hadi skrubu!"

"Nimepaka vizuri," alisema dada mtu, hasira na fahari pamoja. "Wenzangu huruka fremu. Mimi nafungua kila kitu, napaka, ninarudisha."

"Ndiyo ubaya wako, unapaka vizuri mno!"

"Na wewe umefunga honi kwa kiziwi. Tuendelee?"

Hawakuendelea. Cheche alifungua skrubu, akakwangua rangi kwa kisu, akapitisha msasa mpaka bati likang'aa, akarudisha kitufe. Mlango ukafunguliwa na taa ikawaka. Mwenye gari akarukia usukani, macho kwenye kioo, akainua kidole gumba. Ukafungwa, ikazimika, kidole kikashuka. Walirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa sababu kila mmoja alikuwa anafurahi.

Lakini Cheche hakutulia moyoni. Alipanda kiti cha nyuma kabisa bila kualikwa, kwenda kuona kwa macho yake.

Washonaji walipanda wakipiga soga, giza likaingia njiani. Walishuka mmoja mmoja, taa ikawaka, ikazimika, gari likaondoka. Yule wa kiatu alipofika kwake alisimama makusudi, mguu mmoja chini na mwingine ndani, ameshikilia mlango kwa mikono yote miwili. Gari halikutikisika. Alisubiri, akasubiri, akacheka, akashuka na kufunga.

Mwisho akabaki Cheche peke yake. Gari lilisimama karibu na kwake. Alikuwa amepanga kusema samahani ndefu, akaanza kuisema kwa kile kisogo, kisha akanyamaza na kuufungua mlango. Taa ikawaka. Dereva akageuka mwili mzima, akamtazama usoni, akangoja. Cheche aliweka mkono kifuani na kusema neno moja tu, polepole: "Samahani." Dereva akatikisa kichwa kwamba yamekwisha, akamshika mkono kwa nguvu.

Cheche akashuka na kwenda zake kwa furaha ambayo hakuitegemea. Alikuwa ameshafika kwenye kizingiti cha nyumba yake alipohisi kuna kitu hakijakaa sawa. Hakuwa amesikia gari likiondoka.

Akageuka. Lilikuwa palepale, ndani mwanga tele, na dereva ametulia mbele, macho kwenye kioo. Mlango ulikuwa wazi. Cheche alirudi mbio, akaufunga, taa ikazimika, na gari likaondoka.