Bonde Lililokataliwa na Watu Wote

Shamba la mzungu kule upande wa Moiben tulilinunua kwa kikundi, miaka michache baada ya uhuru. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi juzi tu, na nyumbani kwa baba mkwe sikusikia habari nyingine ila bonde. Mzee alilitaka bonde lile la chini, lenye majimaji, kwa sababu huko majani hayakauki kiangazi. Alikuwa amezika ng'ombe wengi katika ukame, na hakutaka kuzika wengine.

Kabla ya kugawana, tukaanza kusikia kwamba bonde lina ugonjwa: ng'ombe wakinywa maji yale, wanakonda na kufa. Habari hiyo ilitoka barabarani, pale tulipoweka mikebe ya maziwa kila asubuhi kungoja lori. Watu wote wa mgongo wetu wa kilima walikutana hapo, na hapo tu. Waliokuwa wamechunga kule bondeni enzi za mzungu walikaa kambini, kwenye vibanda vya wafanyakazi wa zamani wa shamba, hawakuwa na maziwa ya kuuza, basi hakuna aliyesikia lao.

Baba mkwe alibisha kwanza. Jirani akamwambia watu wanasema. Katekista akamwambia vilevile. Kanisani, kwenye kinu cha posho, kila alipogeuka ni watu wanasema. Akarudi nyumbani amenywea. "Mtu mmoja anaweza kudanganya," akatuambia, "lakini si wote hawa." Siku ya mkutano ilipoamuliwa bonde liuzwe kwa tajiri mmoja wa mjini, baba mkwe naye aliinua mkono.

Mama mkwe ndiye hakuridhika. Kesho yake nilibeba mkebe, naye akanifuata mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Alimkabili jirani mbele ya baba mkwe, aliyekuwa ametutangulia pale.

"Hii maneno ya bonde, nani alikuambia?"

"Katekista, Mama."

Katekista alikuwa hapo hapo, amekalia mkebe wake. Akatazama chini, kisha akamgeukia baba mkwe.

"Si ni wewe, Mzee? Ile siku ng'ombe yako nyekundu ilikataa kukula. Ulisema pengine ilikunywa maji ya kule chini."

Kwetu kijana mwenye adabu habebi jina la mkubwa wake njiani. Ukisikia neno la mzee na ukataka kulipeleka mbele, unasema watu wanasema, na jina linabaki nyuma. Katekista alifanya hivyo, hata mbele ya Mzee mwenyewe, jirani akafanya hivyo, na wote waliofuata. Ni heshima, sikatai, lakini siku ile niliichukia. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amepona baada ya siku mbili, na hakuna aliyelitangaza hilo.

Baba mkwe hakungoja lori. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kikundi, na mimi na mama mkwe nyuma yake.

"Yale maneno yalikuwa yangu," akamwambia. "Nilikuwa nabahatisha tu. Turudi kwa mkutano."

Mwenyekiti alimpa kiti na chai. Hakuwa mtu mbaya.

"Mzee, nakuheshimu sana. Lakini wewe uko mmoja. Kikundi mzima wamesema, hata wewe uliinua mkono. Nitaambia watu nini?"

Njiani mama mkwe alilia waziwazi. Mimi nilikuwa na hasira, tena nyingi, na sikujua nimwelekezee nani, maana kila mtu alikuwa amesema kweli kadiri alivyosikia.

Tajiri alizungusha waya. Kiangazi kilipoingia, kwetu juu paligeuka vumbi, na ng'ombe wetu wakawa wanashuka kila asubuhi kusimama kwenye ule waya, wakitazama majani mabichi upande wa pili. Baba mkwe hakumruhusu mtu mwingine kuwarudisha. Alikwenda mwenyewe na fimbo, akiwagombeza kwa sauti, kana kwamba wao ndio walioinua mkono.