Mwalimu Anayejishika Utosini

Mwalimu huyu mama ametoka Same mjini kuwafundisha viranja wa shule yetu wasiwaonee wadogo. Haongei sana. Kila asubuhi anasimama getini, anamtwika kila kiranja dumu la maji, anawapandisha mlima hadi jikoni. Dumu likimpita, anajishika utosini, anapasugua kwa kidole. Mimi namtazama kwa sababu mjukuu wangu Agape amekuwa akibeba dumu lake na la kiranja. Jioni bibi yake alikuwa akimkanda shingo huku akimwuliza ya shuleni. Tangu tumzike, mimi namkanda tu. Kuuliza sijui nianzeje.

Jana kiranja mmoja alilitua dumu, akacheka. “Mwalimu, hata sisi tulibebeshwa. Mbona hatujafa?”

“Na mimi nilibebeshwa,” mwalimu akamjibu polepole. “Nilipopewa ukiranja, nikabebesha wenzangu.” Mkono ukapanda utosini, ukakaa hapo hapo. Kiranja akalitwaa dumu lake, akapanda.

Leo mwalimu anarudi mjini. Jumatatu nitakuwa getini kabla ya kengele, nione Agape anapanda na madumu mangapi.