Jivu la Mtambo Liko Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Mwenye ukurasa, tafadhali nifiche kabisa, maana hata wifi zangu huwa wanasoma hapa na kucheka mambo ya watu. Leo ni zamu yangu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nimeolewa Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia. Nafanya kazi kwenye mtambo unaochoma taka za nyumbani na kutoa umeme. Kazi yangu ni kusimama kando ya mkanda na kutoa vitu visivyofaa kuingia motoni, kama betri na chupa. Yanayopita ni maganda, nailoni, matambara, na daipa za watoto, nyingi mno. Hizo daipa ndizo zimenitia matatani.

Mnajua akina mama wa huku hatuchomi daipa. Inasemekana ukiichoma, unamchoma mtoto aliyeivaa. Wengi waliona afadhali wazitupe mtoni. Gari la taka lilipoanza kupita mitaani, wakazifunga kwenye mifuko myeusi na kujifanya hawajui zinakoenda.

Sasa mke wa shemeji yangu, nimwite Mama Prince, tunaishi naye boma moja. Mtoto wake alitokwa na vipele makalioni na mapajani, ngozi ikawa nyekundu, ukimgusa analia. Nikasema tumpeleke hospitali. Mama mkwe akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Hospitali itafanya nini? Hiyo moto yenu ndio imeshika mtoto. Wewe unaona daipa zake zikiingia na unanyamaza tu."

Akasema dawa ni moja: nilete jivu la moto ule ule, mtoto aogeshwe nalo ili moto umtoke. Nisipoleta, niache kazi ama niache boma. Mama Prince alinitazama tu kwa macho ya kuniomba.

Ndugu zangu, jivu la pale si jivu la jikoni. Limebeba sumu ya kila kitu kilichoungua, na sisi tunakatazwa hata kulikanyaga bila buti. Kumwogesha nalo mtoto mwenye vidonda singeweza. Kukataa pia singeweza, kwa sababu mtoto akizidiwa, mchawi ningekuwa mimi. Basi nikachota jivu la kuni kwenye meko yangu mwenyewe, nikalifunga kwa karatasi, nikaenda nalo kazini asubuhi na kurudi nalo jioni. Nikampa mama mkwe kwa mikono miwili. Akatia kidogo tu kwenye beseni la maji, na mimi nikajiona mjanja.

Prince akapona. Najua kwa nini alipona. Mama mkwe aliamuru daipa ziachwe kabisa, mtoto akashinda makalio wazi siku nzima, ngozi ikapata hewa na kukauka. Lakini hilo hakuna aliyeliona. Walichoona ni jivu. Mama mkwe akasimulia kanisani, akasimulia sokoni, habari zikapita Burumba zikafika Malaba. Akina mama wakaanza kuja na watoto mgongoni, na kila karatasi ikiisha nilichota jivu jingine mekoni. Moyo ulinisuta, lakini nilijiambia jivu la kuni halijaua mtu.

Kilichonimaliza ni shemeji, babake Prince. Mimi mwenyewe nilimtafutia kazi pale mtamboni, na juzi wamemhamishia upande wa kuondoa jivu. Sijui alilipitishaje getini, ila alirudi nyumbani na gunia begani, uso umejaa furaha.

"Mama, wacha kusumbua shemeji na hizo vikaratasi. Sasa mimi niko kwa jivu yenyewe."

Gunia liko chini ya kitanda cha mama mkwe. Nilimfuata nikamwambia asilitumie, ni sumu, tunafundishwa hivyo kazini. Akanicheka.

"Sumu? Na Prince alipona na nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikatoka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mume wangu nimemwambia yote. Aliisukuma chai yake kando. Kisha akasema, "Wacha tu hiyo maneno. Wakijua ulichezea mama, na mtoto ako mgonjwa, hapa hautakaa. Hata mimi sitakuwa na la kusema." Simlaumu sana, yule ni mamake. Lakini imeniuma, maana nimezaa naye watoto na sikutarajia anijibu kama jirani.

Kesho baada ya misa anakuja mama mmoja kutoka Kocholia. Mtoto wake bado mchanga kabisa, ngozi imemchubuka mpaka shingoni. Mama mkwe alimpa nambari yangu, kwa sababu mimi ndiye ninayejulikana kuwa wa mtamboni. Amenipigia mchana huu, sauti ya chini ya mtu aliyechoka kulia.

"Dada, samahani. Hiyo jivu, ni ya huko kwenu kweli? Sitaki mtu anidanganye."

Nikamwambia ndiyo, ni ya kwetu. Wale wengine wote niliwajibu hivyo hivyo na nilikuwa nadanganya. Huyu wa leo nimemwambia ukweli, maana jivu la gunia ni la mtamboni kweli.

Nambari yake iko hapa kwenye simu. Nikimwambia asije, atauliza Prince alipona na nini, na nikijibu hilo boma lote litajua kabla jua halijazama. Nikinyamaza, kesho mimi ndiye nitaitwa kuleta beseni. Ninyi mnaosoma, mlio akina mama na mlio na mama wakwe, nishaurini kabla ya misa: nimpigie nifunge virago vyangu, ama kuna njia nyingine ambayo sijaiona?