Namba Sita Hakuonekana Kiwanjani

Niseme kwanza tulikuwa nani, juu bila majina kazi inabaki kama nguo bila mwenyewe.

Siku ya kwanza ya kazi yangu, ndani ya magazini, ndiyo ghala ya kambi, tulikuwa watu wane. Alikuwamo Papa Fidele, karani wa kambi, ambaye njo aliangalia mambo ya ekipe, ndiyo timu ya mupira. Alikuwamo Papa Leonardi, seremala, mushabiki kupita washabiki wote. Alikuwamo muke wake, Mama Anjelina, aliyezaliwa kilima kimoja na mimi kule Masisi. Yeye njo alinishika mukono akanileta. Na mimi, Veronika, mujane wa Yosefu mukata-miti. Wa tano simuhesabu: Bwana Mukubwa, ni kusema direkteri wa kazi yote, alisimama mulangoni tu, juu magazini ilinuka samaki ya chumvi.

Kambi yetu ilikuwa ndani ya pori la Walikale, kwenye njia ya Mubi. Wanaume walichimba mawe ya bati. Yosefu wangu aliangukiwa na muti. Na sheria ya kambi ilikuwa hivi: mwanamuke asiye na mume na asiye na kazi, anatoka ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa na mutoto wa kike mugongoni, na kwetu Masisi ni mbali kwa miguu. Basi ile kazi ya kufua maiyo, ndiyo shati za mupira, kwangu haikuwa kazi ya mupira. Ilikuwa nyumba.

Papa Fidele alisoma majina kumi na moja ya wachezaji mara moja tu. Nikayarudisha yote, na kwa wale niliowajua nikaongeza jina la baba na la kilima. Bwana Mukubwa akasema kwa Kiswahili chake: "Huyu anaweza. Kichwa yake iko daftari." Akaenda. Nikapewa kipande cha sabuni, beseni mbili, pasi ya makala, ndiyo makaa, na sindano.

Nyinyi wajukuu mnafua kwa kumwaga unga wa sabuni ndani ya ndoo. Sikieni sisi tulivyofanya. Udongo wa pori ni mwekundu, na una hasira. Ukiutia maji ya moto, unauma kitambaa na hautoki tena. Unaloweka kwanza katika maji baridi ya muto, unaacha mpaka udongo unachoka wenyewe, njo unaleta sabuni. Jasho la kwapa linataka maji ya majivu. Pasi unaipitisha ndani ya maiyo, upande wa kinyume, usichome namba.

Zile namba Papa Fidele alizikata mwenyewe kutoka shuka nyeupe, na maiyo zilikuwa za buluu. Mimi shule sikumaliza hata mwaka. Akanifundisha kwa sura: "Moja ni fimbo. Saba ni jembe. Nane ni mwanamuke amejifunga mukaba. Sita, tumbo yake iko chini. Tisa, kichwa yake iko juu." Nikasema, "Ndiyo, Papa." Mutu akikuuliza kama umesikia, na nyumba yako iko ndani ya jibu, unasema ndiyo.

Nilishona namba zote juma moja kabla ya mechi ya kufungua mwaka wa mupira. Mvua ilinyesha, nikashona haraka, maiyo zinageuka magotini mwangu huku na huku. Nikazipanga kwa majina, si kwa namba. Siku ya mechi Papa Fidele alishikwa na homa, akalala. Mimi njo niligawa: "Bauma, yako. Kaburu, yako." Kila mutu akapata maiyo iliyokuwa yake. Kwa majina sikukosa hata moja.

Zakaria Bauma na Petro Kaburu walikuwa wageni, walifika juu ya kamyo ya mizigo kutoka Masisi majuma matatu tu mbele ya siku ile. Wote wawili warefu, wote wawili wamenyolewa kichwa. Bauma alipangwa katikati, namba sita, kazi yake kukata mupira wa wengine. Kaburu mbele, namba tisa, kazi yake kufunga goli. Na wachezaji wa ekipe ya kwanza walitolewa shimoni, wakapewa kazi ya garaji. Kutoka ndani ya ekipe kulikuwa kurudi shimoni.

Tulicheza na ekipe ya Mubi, mvua juu ya vichwa, udongo mpaka machoni. Tukashinda goli tatu kwa mbili. Mimi niliona kidogo tu, nilisimama nyuma ya wanaume na mutoto mugongoni.

Kesho yake ilikuwa siku ya kamba. Mutajiuliza kamba gani. Kambini kwetu washabiki hawakuhukumu mupira siku ile ile. Walisema damu ingali moto. Walikuja kesho yake, kwenye kamba ya kuanikia pale mutoni, na kila maiyo iliyotoka majini walisema ianikwe wapi. Aliyecheza vizuri, maiyo yake inakaa mwanzo wa kamba, karibu na njia, kila mupitaji aione. Aliyecheza vibaya, inapelekwa mwisho, kule mbuzi zilikofungwa. Bwana Mukubwa mwenyewe, akipita na gari, alitazama kamba.

Papa Leonardi akaanza. "Tisa! Weka tisa mbele! Batu, mliona ile kitu? Niliona tisa kwenye goli yetu, anatoa mupira kwa kichwa. Nafunga macho, nafungua, tisa iko kule mbele, anafunga goli!"

"Weye, Papa Leonardi," muke wake akasema, "hata kwa misa unafunga macho."

Watu wakacheka. Muzee mumoja akasema tisa ana mapafu mawili ya akiba. Mwengine akasema goli ya pili ya Mubi ilitoka kwa kosa la tisa, alipoteza mupira mbele. "Lakini aliurudisha mwenyewe nyuma!" wakamujibu. Wakabishana hivyo, mutu akiinua tisa, mwengine akimushusha, mpaka Mama Anjelina akauliza:

"Na sita?"

"Sita gani?" Papa Leonardi akasema. "Mimi sikuona sita."

"Alipanda muti anakula matunda!"

"Alibaki kwake anamenya ndizi!"

"Tulishinda na batu kumi," Papa Leonardi akasema, na sasa hakucheka. "Leo ni Mubi, tumepona. Siku tutakutana na batu ya nguvu, tutafanya nini na sita asiyeonekana?"

Bauma alikuwapo. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, anasugua miguu kwa maji. Akasema polepole, "Mimi nilicheza."

"Ulicheza wapi, kaka? Ndani ya ndoto?"

"Nilikimbia mpaka nikasikia damu mudomoni. Angalieni magoti yangu."

"Magoti, hata mbuzi iko nayo," Papa Leonardi akamujibu. "Mama Veronika, toa sita. Peleka mwisho, ikanuke na ndugu zake mbuzi."

Nikaingiza mikono ndani ya beseni. Nikatoa moja, si yenyewe. Nikatoa nyingine. Tumbo chini, tumbo chini, nilitafuta tumbo chini. Nikaangalia kamba. Hapakuwa na sita. Tisa moja ilikuwa kambani, na tisa nyingine mukononi mwangu. Kiwiko cha mukono kimepasuka. Hiyo ilikuwa ya Bauma, yeye mwenyewe alinipa mukononi baada ya mechi akasema, "Unisamehe, mama, nimeipasua."

Nikaigeuza juu chini. Ikawa sita.

Ni hapo, kwa umri wangu ule, nilipojua kwamba sita na tisa ni kitu kimoja kinachosimama ao kinachoanguka.

"Iko wapi?" wakauliza.

"Ingali inaloweka," nikasema. Nikaizamisha. Huo njo uongo wangu wa kazi, na sijauficha toka siku ile.

Mchana Papa Fidele, homa imeachilia, alikuja na karatasi ya Bwana Mukubwa, akanisomea. Bwana naye alikuwa ametazama mechi kutoka upande wa pili wa kiwanja, na mbele ya kila namba aliandika maneno. Mbele ya sita hakuandika kitu. Chini yake akaandika: Bauma arudi shimoni siku ya ine ya juma.

Nikarudi nyumbani na zile maiyo mbili. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye nguo yangu. Kazi ilikuwa ndogo: kufumua, kugeuza, kushona. Kabla sombe ya jioni, ile mboga ya majani ya muhogo, haijaiva, ningekuwa nimemaliza, na hakuna mutu angejua. Sita ingekuwa sita, mimi ningebaki na nyumba, Bauma angeshuka shimoni, na watu wangesema aliyumba siku ya kwanza. Nilishika sindano. Nikakata uzi mumoja.

Nikaona kwenye kifua cha maiyo ya Bauma, hata baada ya sabuni mara tatu, udongo umebaki umechora duara. Mupira ulimupiga pale. Bauma alisimama mbele ya mupira. Nguo ilikuwa inasema, na mimi njo mufuaji, mimi njo nilipaswa kusikia.

Tena niseme jambo moja. Muti uliomuua Yosefu, mutu alikuwa ameusikia unalia kabla ya kuanguka. Aliogopa kapita, musimamizi wa kazi, atamugombeza kwa kusimamisha kazi, akanyamaza. Jina lake ninalijua. Silisemi, amekufa, na alinililia. Lakini nilikuwa nimeapa mbele ya kaburi la Yosefu kwamba mimi sitakuwa mutu wa kusikia na kunyamaza.

Nikarudisha sindano. Asubuhi nikamufunga mutoto mugongoni, nikaenda ofisini.

Papa Fidele alinizuia mulangoni. "Mama Veronika, weye iko na wazimu? Tengeneza kimya kimya. Mimi sijaona kitu."

"Papa, Bauma naye hajaona kitu. Hajui kusoma mugongo wake."

Bwana Mukubwa akainua kichwa. Nikatandika maiyo mbili juu ya meza yake, na maji kidogo yakagusa karatasi zake. Nikasema: "Bwana, kosa ni langu. Nilishona sita kichwa chini. Tisa walikuwa wawili."

Alitazama maiyo. Akavuta daftari lake, akasoma kwa kidole. Mbele ya tisa alikuwa ameandika mistari mingi kuliko wote, na mwisho wake alama ya kuuliza. Akaniangalia.

"Mimi niliona tisa nyuma na tisa mbele. Nilifikiri ni mutu iko na mbio kama shetani." Hakucheka. "Sasa wewe, kazi yako ni nini?"

"Kufua na kushona, Bwana."

"Na kushona unajua?"

"Kushona ninajua. Namba njo sijui."

Akafunga daftari, mutoto wangu akaanza kulia. Kisha akasema: "Bauma anabaki garaji. Wewe, siku ya posho, unakuja hapa unaandika moja mpaka kumi na moja mbele yangu. Ukikosa moja, unatoka ndani ya nyumba."

Zilikuwa siku ine. Niliandika kwa makala juu ya mawe ya mutoni, maji yakafuta, nikaandika tena. Niliandika kwa kidole ndani ya unga wa muhogo. Mama Anjelina alinisahihisha kwa kutazama karatasi ya Papa Fidele, na yeye naye alikuwa anajifunza pale pale, hakutaka mume wake ajue. Siku ya posho niliandika zote kumi na moja. Chini ya sita nikapiga mustari.

"Huu mustari ni nini?" Bwana Mukubwa akauliza.

"Ni udongo, Bwana. Sita inasimama juu ya udongo. Hata ikianguka, tutajua ilikuwa imesimama wapi."

Akamuambia Papa Fidele akate mustari wa shuka. Toka siku ile kila sita niliyoshona ilikuwa na mustari wake chini.

Siku ya kamba iliyofuata washabiki walikuja wote, wamekwisha kusikia. Niliogopa kicheko, na kilikuja. "Mama Kichwa-Chini!" wakaniita, na jina hilo lilinishika miaka. Lakini Papa Leonardi hakucheka. Alichukua maiyo ya Bauma yeye mwenyewe, ingali inatona maji, akaipeleka mwanzo wa kamba, karibu na njia. Akasema, "Kaka Bauma, nilihukumu mupira wako nikamupa mwengine. Unisamehe." Bauma akasema, "Papa, tulishinda." Na Kaburu, aliyesifiwa mapafu mane, akasema, "Sasa murudishieni Bauma mapafu yake mawili, mimi iko na mawili tu." Tukacheka mpaka mbuzi zikashituka.

Baadaye nilirudi Masisi, kwenye mashamba ya kahawa, nikafulia ekipe ya kule. Direkteri wa pale alikuwa mukali, kapita wake mukali zaidi. Kapita akaniambia mustari chini ya sita ni uchafu, niutoe. Nikamwambia, "Papa kapita, unitoe mimi kwanza." Mustari ulibaki. Nilifulia mpaka vidole vilikataa kushika sabuni, nikamwachia binti yangu, yule wa mugongoni. Yeye alisoma shule, lakini mustari hakuuacha.

Sasa ninakaa, ninawasikia mukirudi kutoka kiwanjani, munasema fulani hakucheza, fulani alilala. Ninawauliza: mulimuona mutu, ao muliona mugongo wake? Munasema mama iko muzee. Ni kweli.

Nimewaambia majina yote kama yalivyokaa kichwani. Lakini mwenye baba ao babu aliyekuwa kwenye kamba ile, na akaona nimekosa jambo, aje aniambie, asiniogope. Pengine na hapa nimemushona mutu kichwa chini. Mugeuzeni, mumupigie mustari.