Nguzo Mbele ya Benchi la Bibi

Wazee wa kanisa la Lutindi waliniomba niwachoree mwonekano wa ndani wa kanisa jipya kabla halijajengwa, ili waumini waone wanachochangia. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kilole na shahada ya ubunifu majengo, sina kazi, na kanisani nilishaacha kwenda tangu mwaka wa pili chuoni. Nilikubali kwa ajili ya mchoro tu.

Nilichora kama mtu aliyesimama mlangoni, katikati. Safu mbili za nguzo nene, na mistari yote ya dari na sakafu ikikimbilia sehemu moja juu ya madhabahu. Mchoro ulikuwa mzuri, nami nilijua. Kabla ya kuupeleka kwa wazee nilimwonyesha bibi yangu, mzaa mama, anayeishi jirani na kanisa la zamani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu." Aliushika mbali na macho. "Hapa umesimama wapi?"

"Mlangoni, katikati."

"Hapo wanapita bibi harusi na maiti. Harusi nimemaliza, na hiyo nyingine sina haraka nayo. Nikikaa kwenye benchi langu naona nini?"

Bibi hasikii vizuri. Mahubiri huyafuata kwa kutazama mdomo wa mchungaji. Benchi lake ni la tatu, upande wa wanawake. Nilichora upya nikiwa kama nimeketi pale. Nguzo ya pili ilifunika mimbari nzima.

Nilipeleka michoro yote miwili kwa wazee. Mwenyekiti wao aliusukuma wa pili pembeni.

"Huu hauvutii, kijana. Bibi yako asogee mbele."

"Mbele ni kwaya, mzee. Na nguzo itabaki palepale kwa atakayekaa nyuma yake."

"Kwani wewe siku hizi unasali wapi?"

Wengine wakacheka.

"Sisali, mzee. Yeye ndiye anasali."

Fundi atakayejenga, aliyeketi na wazee, alikuwa bado anautazama ule wa pili. Akasema vigingi tu ndivyo vilivyowekwa, msingi hawajachimba. Nguzo zinaweza kusogea kuelekea ukutani, ila kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zitakuwa ndefu zaidi. Walibishana hadi chai ikapoa, kisha wakakubali.

Nilichora tena kutoka mlangoni. Katikati palikuwa papana mno, mchoro ukapoteza mvuto. Bibi nilimpelekea mchoro mpya wa kutoka kwenye benchi lake, mimbari ikionekana yote. Aliweka kidole kwenye mimbari, akauliza kama mchungaji atatulia hapo au atakuwa anazungukazunguka. Nikamwambia hilo sikuweza kulichora.