Neno "obliging" lilivyonifanya nimnunie bosi aliyenisifia

Wakuu, habari za saa hizi. Haya yamenikuta mwenyewe, na sijajipendelea popote, mtaona.

Nilikuwa mhudumu wa ofisi kwenye shule moja ya binafsi huku Mbagala. Kutoa kopi, kupokea wazazi, kupanga viti vya vikao. Miaka mitano.

Mwalimu mkuu wetu, Madam Tumaini, mama wa Njombe, akafikia kustaafu. Wiki ya mwisho akanipa barua ya kunitambulisha popote nitakapoomba kazi. Kiingereza kitupu.

Mstari wa pili: "He is a most obliging young man."

Sasa mie "oblige" naijua. Matangazo ya kikao tulikuwa tunaandikaga "parents are obliged to attend", yaani wanalazimika kuja.

Nikaelewa hivi: huyu mama anasema mie mpaka nilazimishwe ndo nafanya kazi.

Dictionary sikufungua. Simu ninayo, bando lilikuwepo. Nilinuna tu.

Siku ya kumuaga sikwenda. Akapiga simu mara tatu, sikupokea.

Miezi minane baadaye nikaitwa interview hospitali moja Tabata, nafasi ya mapokezi. Wanataka barua ya bosi wa zamani, na mie sina nyingine.

Aliyenihoji ni mzee mmoja wa utumishi; kabla hajaisoma nikajihami.

"Mzee, huo mstari wa pili usiuzingatie. Tulikuwa hatuelewani."

Akasoma. Akavua miwani.

"Obliging ni mtu gani?"

"Wa kulazimishwa."

"Hapana. Ni mtu mwepesi kusaidia. Ukimwomba jambo hanuni. Huyu mama alikupenda, kijana."

Kazi nikapata. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nesi akaniuliza kama nimeshachukua namba.

Jioni nikampigia Madam.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba baba! Upo?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea acheke.

"Miezi yote hii nilikuwa najiuliza nilikukosea nini."

Niliomba samahani mpaka akaniambia basi, inatosha.

Nilichojifunza: "obliged" ni aliyelazimika, "obliging" ni anayekusaidia kwa moyo wake. Na mtu akikuandikia neno usilolijua, muulize yeye, siku hiyo hiyo, kabla hujanuna.

Nani mwingine humu alishawahi kukasirikia sifa zake mwenyewe? Shusheni, nisijione niko peke yangu.